Michovyo Mitano

Kipimo sikukitunga mimi.
Juu shubiri moja, chini mbili, urefu tatu:
ndivyo alivyokata baba, Gou wa bondeni mwa mto Wei,
ndivyo ninavyokata, ulimi nimeuuma, kisu nimekilaza.
Mtu akifunga mkanda, ngozi hiyo huning'inia mbele
ikamfunika magoti,
na wote barazani hujua wamwinamie kiasi gani
kabla hawajamtazama uso.

Ngozi haiji na cheo chake.
Huja na nzi.
Huja na mafuta ya ndama na kovu la mwiba wa zamani.
Siku tisa hulala katika maji ya majivu,
kisha twaipaka ubongo wa mnyama mwenyewe.
Kila mnyama ana ubongo wa kuitosha ngozi yake;
watu wasiotosha nimewaona.
Mke wangu Suo hanipi chakula
mpaka ninawe mara mbili, naye akinusa.

Halafu chungu cha rangi.
Michovyo mitatu, na ngozi ni nyekundu kama upanga wa jogoo:
hiyo ya bwana mkubwa.
Michovyo mitano, wekundu unazama,
unabaki weusi wenye damu kwa mbali, kama kichwa cha shomoro:
hiyo ya afisa mdogo, mhesabu magunia ya mtama.
Nikiwa mtoto nilimwuliza baba
mbona mdogo ndiye anayetumbukizwa zaidi.
Akanipa mwiko. Koroga, akasema.

Mwaka ule mto ulipokula daraja
alikuja Rong Pi, kwa miguu, bila mtumishi,
kifurushi kwapani.
Ngozi yake niliitambua kwa mshono, mkono wangu.
Aliipokea kwa mikono miwili mbele ya hekalu la mababu wa mfalme,
ngoma zikirindima, jina lake likisomwa kwenye vibao vya mwanzi,
nasi mafundi nyuma kabisa, tukichungulia kati ya mabega.
Sasa alisema, macho mlangoni:
"Iongezee miwili."

Sikuuliza. Aliyeshushwa hasimulii ngazi.
Nikatia tope la kutu chunguni, nikachochea moto.
Mchovyo wa nne, akageuza uso.
Mchovyo wa tano, akasogea, akainama,
kama anayechungulia kisima kilichomeza ndoo yake.
Rangi haikushindana.
"Na ikihitajika," akasema, "yaweza kurudi?"
"La, bwana."
Neno lile bwana lilikuwa limekwisha muda wake.
Tulilisikia sote wawili likianguka sakafuni.

Tukangoja ikauke. Mvuke, nzi, kimya.
Ndipo akaitazama ya kwangu,
ngozi yangu ya kazi, imefungwa kiunoni,
juu nyembamba, chini pana, mpaka magotini,
maana ndivyo ngozi inavyomkaa mtu anayeinama.
Ina michirizi ya wekundu wa mabwana,
ina shomoro, ina chokaa ya ngozi za kulungu
zinazoshonwa kofia nyeupe nisizozijua uzito.
"Na hiyo," akauliza, "ni ya cheo gani?"

Baba alizoea kusema kwamba kabla ya hariri, kabla ya kitani,
kabla ya mtu wa kwanza kuketi juu ya mwenzake,
watu walifunga ngozi mbele, basi,
kwa haya na kwa baridi,
na waungwana wameibakiza juu ya hariri zao wasije wakasahau.
Wasisahau nini, hakumaliza.
Alikuwa na kikohozi.

"Hii?" nikamjibu. "Hii ni ya ng'ombe."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeshangaa kukikuta bado kipo.
Akanilipa kauri, mishipi miwili, hakudai chenji,
akaichukua ngozi yake kutoka kambani.
Usiikunje! nikamwita, bado ni mbichi,
ikikunjwa mbichi mstari haufutiki.

Alikuwa ameshaikunja.